Einstein: Miaka mitano nje ya chuo haikuzima ndoto ya uzamifu

JINA la Albert Einstein likitajwa, wengi humuwazia profesa mwenye nywele timtim, aliyezaliwa kufaulu. Ni wachache wakumbukao kwamba baada ya kuhitimu alihangaika kutafuta kazi, sawa na vijana wengi wenye shahada nchini.

Einstein alizaliwa Ulm, Ujerumani, Machi 14, 1879. Mwaka wa 1900 alihitimu katika chuo cha ufundi cha Zurich, Uswisi, akiwa na stashahada ya kufundisha hisabati na fizikia. Nia yake ilikuwa kusalia chuoni kama msaidizi wa profesa huku akiandaa tasnifu ya uzamifu. Wenzake walipata nafasi hizo, yeye akakosa. Aliwaandikia maprofesa wengi barua za maombi, asifanikiwe.

Aprili 1901 babake, Hermann, aliyekuwa na biashara iliyoyumba, alimwandikia kwa siri profesa mmoja wa Ujerumani, akimsihi amtie mwanawe moyo. Hilo nalo halikuzaa matunda. Kijana huyo akafundisha kwa muda mfupi Winterthur na Schaffhausen. Tasnifu aliyoiwasilisha katika Chuo Kikuu cha Zurich mwaka huo aliiondoa mapema 1902.

Aliyemfaa kwa dhiki ni rafiki wa chuoni, Marcel Grossmann. Baba ya Grossmann alimpendekeza kwa mkurugenzi wa ofisi ya serikali ya kusajili haki za wavumbuzi jijini Bern. Juni 1902 Einstein aliajiriwa huko kama mtaalamu wa daraja la tatu, kwa mshahara wa faranga 3,500 kwa mwaka. Miezi minne baadaye babake alifariki, kabla ya kuona jina la mwanawe likivuma.

Mchana Einstein alikagua michoro na maelezo ya mitambo, saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki. Jioni alisoma na kujadiliana na marafiki wake Maurice Solovine na Conrad Habicht. Ofisini alijadili hoja zake na mhandisi Michele Besso. Chuo alikuwa amekiacha, lakini kusoma hakuacha.

Mnamo 1905 subira hiyo ilivuta heri. Akiwa na umri wa miaka 26, aliandika makala kuhusu mwanga, mwendo wa chembe ndogo majini, na nadharia ya uhusianifu, iliyobadilisha fikra za wanasayansi kuhusu wakati na mahali. Mwaka uo huo aliwasilisha tasnifu mpya, kuhusu ukubwa wa molekuli, na ikakubaliwa. Aliitabaruku kwa Grossmann.

Hata hivyo, milango ya chuo haikufunguka mara moja. Mnamo 1906 alipandishwa hadi daraja la pili katika ofisi ile ile, na ni 1909 tu alipoiacha na kuwa profesa Zurich. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka wa 1921, na akafariki Princeton, Marekani, Aprili 18, 1955.

Einstein hakuyachagua mapumziko hayo, na yalimwonjesha uchungu. Yaliyomvusha ni mshahara wa uhakika, marafiki wa kweli na kitabu kisichofungwa. Wahenga hawakukosea waliposema kawia ufike.