Carl Akeley: fundi wa kamera aliyezikwa chini ya mlima Mikeno

Mtu akisimama Sake ao juu ya vilima vya Masisi usiku, wakati mbingu iko wazi, mara nyingi anaona wekundu wa volkano upande wa Nyiragongo na Nyamulagira. Akitoa simu apige foto, inatoka nyeusi, ao inajaa punjepunje kama mchanga. Shida hiyo ya mwangaza mdogo si ya leo. Miaka zaidi ya 100 imepita tangu Mmarekani mmoja, Carl Akeley, apambane nayo katika milima hii. Kazi yake iligusa maisha ya ngagi, na pia ya watu wanaoishi kando ya msitu.

Akeley alizaliwa tarehe 19 Mei 1864 huko Clarendon, katika jimbo la New York, katika familia ya wakulima. Kazi aliyojifunza ni kutengeneza ngozi za wanyama waliokufa ili waonekane kama wazima. Alifanya kazi hiyo katika majumba ya makumbusho ya Milwaukee, Chicago na mwishowe New York. Ili kupata wanyama hao, alikuja Afrika mara 5. Mwaka 1896, katika inchi ya Wasomali, chui alimrukia na kumtafuna mkono. Akamuua kwa mikono yake mitupu. Mwaka 1910, karibu na mlima Kenya, tembo alimponda karibu afe, na mke wake Delia akaenda kumtafuta na kumuokoa.

Katika safari hiyohiyo ya Kenya alitaka kupiga filamu ya Wanandi wakiwinda simba kwa mikuki. Wanandi walifanya kazi yao vizuri kabisa. Kamera ndiyo ilishindwa. Kamera za siku zile zilikuwa nzito, na kuzigeuza kumfuata mnyama anayekimbia kulichukua muda. Ukimaliza kugeuza, simba ameisha kuuawa. Akeley alirudi kwao na hasira ya fundi, akaanza kuunda kamera yake mwenyewe.

Kamera ya Akeley ilikuwa ya mviringo, kama sahani nene. Ilisimama juu ya miguu 3, na mtu mmoja aliweza kuigeuza juu, chini na pembeni kwa mkono mmoja bila kutikisika. Ilikuwa na lenzi 2 zinazofanana: moja ya kupiga, nyingine ya kuangalia. Lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa ndani, ku pazia linalofungua na kufunga mbele ya filamu. Katika kamera nyingi za wakati ule, pazia lilikuwa wazi karibu nusu ya mzunguko. Akeley alilifungua hadi digrii 230 kati ya 360. Kwa njia hiyo kamera yake iliingiza karibu asilimia 30 ya mwangaza zaidi.

Kwa nini mwangaza huo ulikuwa na bei kubwa hivyo? Hapa ndipo inafaa kuelewa kitu ambacho leo tunakiona kwenye simu na kamera kwa jina la ISO. Ni namba inayoonyesha jinsi filamu ao kamera inavyokuwa nyepesi kushika mwangaza. ISO 100 inahitaji mwangaza mwingi, kama wa saa sita mchana sokoni. ISO 200 inahitaji nusu yake, ISO 400 inahitaji robo yake. Ukipandisha namba unaweza kupiga mahali penye giza, lakini unalipa: foto inaanza kuwa na punjepunje. Jina ISO lilikuja mwaka 1974, lakini shida yenyewe ni ya zamani sana. Filamu za wakati wa Akeley zilikuwa nzito mno, chini hata ya ISO 100 ya leo, na hakukuwa na kitufe cha kupandisha. Tena, filamu nyingi za wakati ule hazikuona rangi nyekundu. Ziliitoa kama nyeusi. Kama filamu haibadiliki, inabaki njia mbili tu: kufungua lenzi zaidi, ao kuacha pazia wazi kwa muda mrefu. Akeley alichagua kulifanyia kazi pazia.

Mwaka 1921 alifika Kivu na kamera hiyo, akapanda Mikeno. Mtu yeyote wa Walikale aliyeingia msituni anajua kivuli cha majani kilivyo, hata mchana. Ongeza ukungu wa mlimani, na mnyama mwenye manyoya meusi. Pamoja na hayo Akeley alifaulu: alipata picha za dakika chache tu, lakini ndizo filamu za kwanza za ngagi wakiwa huru porini.

Lakini hakuja na kamera peke yake. Yeye na wenzake waliua ngagi 5 kwa ajili ya makumbusho ya New York. Baada ya kuwatazama karibu, aliona kwamba si majitu makali kama walivyosimuliwa Ulaya, na kwamba wawindaji wengine wakifuata nyayo zake, watakwisha. Aliporudi, akaanza kuiomba serikali ya Ubelgiji iwalinde. Tarehe 21 Aprili 1925, mfalme Albert wa Kwanza alitia sahihi amri ya kuunda parki ya Albert, ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika. Ndiyo leo Virunga.

Amri hiyo ilitoka Brussels. Wakaaji waliokuwa wakiwinda, wakitafuta kuni na asali katika misitu ile hawakuwa kwenye meza. Mabishano ya mipaka kati ya parki na raia, ambayo yanasikika hadi leo, yana mzizi pale.

Mwaka 1926 Akeley alirudi pamoja na mke wake wa pili, Mary Jobe, na mchoraji William Leigh. Alipopanda mlima alikuwa mgonjwa tayari. Alikufa tarehe 17 Novemba mwaka huo, akiwa na miaka 62, akazikwa Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi. Leigh alimaliza kuchora mandhari. Tangu 1936, ngagi wale 5 wamesimama New York nyuma ya kioo, na mbele ya macho yao ya kioo kuna picha ya Nyiragongo na Nyamulagira.

Mamilioni ya wageni wameona volkano zetu kupitia picha ile. Majina ya wapagazi waliobeba kamera, filamu na mizigo kwenye matope ya Mikeno hayakuandikwa ukutani. Leo kijana wa Masisi ana simu yenye uwezo wa kushika mwangaza kuliko kamera ya Akeley. Yeye anaweza kuandika jina la kila mtu aliye katika foto yake.