Grey Walter, mtu wa kobe za umeme

William Grey Walter alizaliwa Marekani mwaka 1910, akakulia Uingereza. Kazi yake ilikuwa kupima umeme wa ubongo, mu muji wa Bristol. Mwaka 1948 na 1949 akatengeneza roboti mbili, Elmer na Elsie. Watu waliziita kobe, juu zilikuwa na gamba na mwendo wa polepole. Zilikuwa na jicho moja la kufuata mwangaza, na gamba likigonga kitu zinageuka. Batri ikikaribia kuisha, zinarudi zenyewe kwenye kibanda chao.

Alizitengeneza ili aelewe ubongo, hapana kwa ajili ya watoto. Kumbe mwaka 1970 ajali ya pikipiki ikamuumiza ubongo uleule aliousoma maisha yote.

Mwaka 1976, kule Edinburgh, Sylvia Weir na Ricky Emanuel wakampa mtoto mwenye otisimu, mwenye shida ya kuzoeana na watu, roboti ya ukoo wa kobe zile. Akibonyeza, inatii, kila mara vilevile, bila kukasirika. Haikumponyesha, na alikuwa mtoto mmoja tu. Lakini alianza kuwasiliana na watu waliokuwa naye. Walter alifariki mwaka uliofuata.