Paul Dirac: Kipaji na Karo

Aghalabu maisha ya magwiji wa sayansi husimuliwa kana kwamba akili pekee ndiyo iliyowafikisha kileleni. Maisha ya Paul Adrien Maurice Dirac yanadhihirisha kuwa kipaji nacho huhitaji karo.

Dirac alizaliwa mjini Bristol, Uingereza, tarehe 8 Agosti 1902. Babaye alikuwa mwalimu wa Kifaransa aliyetoka Uswisi, naye alimtaka mwanawe azungumze naye kwa lugha hiyo mezani, tena bila kosa. Mtoto aliona heri kunyamaza, na ukimya ukawa tabia yake hadi uzeeni.

Mwaka wa 1921 alihitimu shahada ya uhandisi wa umeme mjini Bristol kwa daraja la kwanza. Mwaka uo huo alifaulu mtihani wa Chuo cha St John's, Cambridge, akatunukiwa pauni 70 kwa mwaka. Hata hivyo, gharama za huko zilizidi mno kiasi hicho, na mkono mtupu haulambwi. Kazi ya uhandisi nayo hakuipata, maadamu uchumi ulikuwa umedorora baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Aliyemnusuru ni Chuo Kikuu cha Bristol, kilichomruhusu kusoma hisabati kwa miaka miwili bila kulipa karo.

Mwaka wa 1923 idara ya serikali iliyosimamia utafiti wa sayansi na viwanda ilimpa ruzuku ya pauni 140 kwa mwaka. Zilipojumlishwa na zile 70 za chuo, safari ya Cambridge ikawezekana.

Huko alitamani kutafiti nadharia ya uhusianifu ya Einstein, lakini akakabidhiwa kwa Ralph Fowler, bingwa wa nadharia ya atomu. Mwaka wa 1925 Fowler alimpelekea makala ya Werner Heisenberg ambayo ilikuwa bado haijachapishwa. Ndani yake mlikuwa na jambo la ajabu: kuzidisha A kwa B hakukutoa jibu sawa na kuzidisha B kwa A. Jumapili moja ya Oktoba, akiwa matembezini, Dirac alihisi kwamba kanuni inayofanana na hiyo imo katika mekanika ya zamani. Maktaba zilikuwa zimefungwa, ikambidi angoje hadi Jumatatu ili ahakikishe. Wazo hilo lilizaa tasnifu ya uzamifu aliyoikamilisha mwaka wa 1926.

Mnamo 1928 alitunga mlinganyo wa elektroni ulioafikiana na nadharia ya uhusianifu. Kutokana nao, mwaka wa 1931 alitabiri kuwapo kwa chembe yenye uzito wa elektroni lakini yenye chaji chanya. Mwaka uliofuata Carl Anderson aliigundua nchini Marekani, nayo ikaitwa positroni. Dirac alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1933 pamoja na Erwin Schrödinger. Tangu 1932 hadi 1969 alishikilia uprofesa wa hisabati uliowahi kushikiliwa na Isaac Newton. Alifariki mjini Tallahassee, Marekani, tarehe 20 Oktoba 1984.

Leo hospitali hutumia positroni kupiga picha za kutambulisha saratani mwilini. Waliotoa pauni 140 mwaka wa 1923 hawangeweza kuitaja faida hiyo katika fomu yoyote. Walichokuwa nacho ni alama za kijana mnyamavu na imani ya walimu wake, ikatosha.