Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Hiari ya Mja

Katika darsa zetu hapa Nakuru, mji ambao wengi wa wazee wetu waliujia kwa reli kutoka pwani, suali moja haliishi kurejea: ikiwa Mwenyezi Mungu amekwisha kukadiria kila jambo, mja ana hiari gani? Si suali la mchezo, kwani wako wanaomtoa mtoto skuli wakasema riziki yake imekwisha kuandikwa.

Suali hili ni la kale. Huko Ulaya, katika karne ya 17, Descartes alithibitisha hiari ya mwanadamu, na Spinoza akaikanusha. Kabla yao, Majabriya walimfanya mja kama unyoya katika upepo. Wafuasi wa Imamu Ash'ari wakasema Mungu ndiye muumba wa vitendo, na mja ndiye avichumaye, naye ataulizwa. Sisi leo twapenda kulijibu kwa maisha ya mtu.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891. Baba yake alifariki angali mdogo, akalelewa na kusomeshwa na Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui, kisha akasoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir. Uyatima hakuuchagua, kuifuata elimu alikuchagua.

Mwaka wa 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, na mwaka wa 1932 Al-Islah, akiwahimiza Waislamu wasome, wanaume na wanawake, na waache kuiga bila ya kufikiri. Al-Islah haikudumu. Lakini juhudi ni ya mja, na matokeo ni ya Mola: makala ya Sahifa yalikusanywa yakawa kitabu, Uongozi, ambacho kimesomwa na vizazi baada yake.

Mwaka wa 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, hadi alipofariki mwaka wa 1947. Na tuizingatie kazi hiyo. Mume aliyewanyima wanawe matumizi hawezi kusimama mbele ya kadhi akajitetea kuwa ndivyo alivyoandikiwa. Lau kadari ingekuwa udhuru, asingehukumiwa mtu yeyote, na mwenye kudhulumiwa asingepata haki.

Basi udhuru usiokubaliwa mbele ya kadhi, baba amtoaye mwanawe skuli ataupeleka vipi mbele ya Mola wake? Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh wetu, na atuamshe sisi. Amin.