ANDRÉ CITROËN: MTU ALIANGUKA, JINA LIKABAKI



Tukikaa kando ya barabara tunajua kutaja motokari kwa majina yake, hata kabla haijafika karibu. Lakini juu ya nini majina mengine yamekufa kabisa, na mengine yangali hai? Wengi wetu tunafikiri jina linadumu kwa sababu mwenyewe alikuwa tajiri. Maisha ya André Citroën yanaonyesha ginsi ingine.

Alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 5 Februari 1878, mtoto wa mwisho kati ya watoto watano. Walikuwa Wayahudi. Baba yake alitoka Uholanzi, akafanya biashara ya almasi. Mama yake alitoka Warsaw. Mwaka 1884, André akiwa na miaka sita tu, baba yake akajiua. Mama akabaki na kazi ya kulea watoto na kuangalia biashara. Mtoto yule alipata shida mapema, lakini hakuacha masomo. Alipenda vitabu vya Jules Verne, na kwa macho yake aliona mnara wa Eiffel ukijengwa mpaka ukaisha mwaka 1889. Kisha akaingia katika masomo makubwa ya ufundi, École Polytechnique.

Mwaka 1900 alikwenda kutembelea jamaa ya mama yake kule Polandi. Huko akaona magurudumu ya mashini yenye meno yaliyokatwa kwa umbo la V. Meno hayo yanashikana vizuri, hayapigi kelele nyingi. Akanunua haki ya kuyatengeneza, akafungua karakana yake. Zile V mbili zilizopinduliwa tunazoziona mbele ya kila Citroën, njo zile zile za meno ya Polandi.

Vita vya 1914 vilipoanza, jeshi la Ufaransa lilikosa makombora ya mizinga. Citroën akajenga usini kubwa pale Javel, kando ya mto Seine, kwa miezi michache tu. Makombora yakatoka kwa mamilioni, na wanawake wengi walifanya kazi humo. Nyuma ya vita, makombora hayakuhitajiwa tena. Usini nzima ifanye nini? Yeye alikuwa amekwisha kujifunza namna ya Henry Ford wa Marekani: motokari za namna moja, nyingi, za bei ambayo watu wengi wanaweza. Mwaka 1919 motokari yake ya kwanza, Type A, ikatoka. Mwaka 1929 alipita motokari 100,000 kwa mwaka mmoja.

Alijua pia kutangaza. Tangu 1925 mpaka 1934 jina lake liliwaka usiku kwa taa za umeme juu ya mnara wa Eiffel. Alituma motokari zenye mikanda ya mpira nyuma kuvuka jangwa la Sahara, mwisho wa 1922. Halafu Oktoba 1924 safari ingine ikaanza kule Algeria, motokari nane, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Safari hiyo ilipita kwetu, kaskazini-mashariki mwa Kongo, katika inchi ya Wamangbetu, ikaenda hata Kampala. Hapo wakagawanyika makundi manne, wakakutana tena Madagaska mwaka 1925. Wazungu walisifu sana ushindi wa mashini. Lakini tusisahau kwamba barabara na madaraja ya kupitisha mashini zile vilitengenezwa kwa mikono ya wenyeji, na kwamba ilikuwa wakati wa ukoloni.

Basi, mtu huyu alikosea wapi? Hakuogopa deni. Feza ya leo aliitumia kwa kazi ya kesho, na feza ya kesho akaikopa. Tena alipenda kucheza kamari katika nyumba za Deauville. Mwaka 1933, wakati shida ya uchumi ilikuwa imekamata dunia yote, akabomoa usini ya Javel na kuijenga upya, kubwa zaidi. Wakati ule ule akaamuru motokari mpya kabisa itengenezwe: magurudumu ya mbele njo yanavuta, na mwili hauna shasi ya kando, vyote ni kitu kimoja. Iliitwa Traction Avant. Ilitolewa mwaka 1934 kwa haraka, kabla ya kujaribiwa vya kutosha. Zile za kwanza ziliharibika njiani, na wanunuzi wakalalamika.

Feza ikakwisha. Serikali ikakataa kumsaidia. Mwezi wa Desemba 1934 kampuni ikatangazwa mbele ya tribinali kwamba imefilisika. Michelin, watu wa pine, ambao walimdai feza nyingi kuliko wengine wote, wakaichukua. Wafanyakazi wengi wakapoteza kazi, ijapokuwa si wao waliokopa. Citroën mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kansa ya tumbo. Akafa tarehe 3 Julai 1935, usini ikiwa mikononi mwa wengine.

Lakini jina halikufa. Wale wa Michelin walipunguza gharama, wakatengeneza makosa ya ile Traction Avant, na kumbe ilikuwa motokari nzuri sana. Iliendelea kutengenezwa mpaka 1957. Mwaka 1948 wakaonyesha Deux Chevaux, motokari nyepesi ya wakulima, na mwaka 1955 ile DS. Nyuma ya shida ya petroli ya 1973 kampuni ikayumba tena, na Peugeot wakaichukua kati ya 1974 na 1976. Majina mengine ya Ufaransa hayakupata bahati hiyo. Mors, kampuni ambayo Citroën aliiongoza akiwa kijana, ilikwisha. Panhard, moja ya zile za kwanza kabisa duniani, iliacha motokari za watu mwaka 1967.

Sisi tunaona hivi: deni lilimwangusha mwenye mali, na kazi nzuri aliyoiacha ikaokoa jina lake. Traction ile ile iliyommaliza njo iliyowapa wengine kitu cha kuuza. Kampuni yenye taa nyingi juu ya mnara, bila motokari ya maana chini, haina mtu wa kuiokoa.

Habari ya mjenzi wa mnara, katika Luka 14, tunaijua sote. André Citroën alikuwa na akili nyingi na moyo wa kazi, lakini hakukaa kuhesabu. Na waliolipa si yeye peke yake. Wenzetu mtakaofungua karakana, duka ao shamba kesho, fanyeni kazi kama yeye. Lakini kabla ya kukopa, fikirini pia wale watakaokula kwa mkono wenu.