Conté na Penseli Yake

Kila nichongapo penseli humkumbuka Mfaransa mmoja, Nicolas-Jacques Conté, aliyezaliwa Normandy mwaka 1755. Katika ujana wake alikuwa mchoraji wa sura za watu, kisha akapenda mambo ya mashine.

Zamani hizo grafiti iliyo bora ilitoka Borrowdale, Uingereza. Vita vilipoanza mwaka 1793 haikuja tena Ufaransa, na jeshi lilihitaji ramani. Conté akaombwa atafute njia. Akasaga grafiti hafifu, akaikanda na udongo wa mfinyanzi na maji, akafanyiza vijiti vyembamba, akavichoma tanuruni. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu. Ukipungua, huwa laini na nyeusi. Mimi hustaajabu, maana hii ni kazi ya mfinyanzi wa vyungu hasa! Mwaka 1795 serikali ikampa hati ya uvumbuzi wake.

Alijaribu pia hewa ya kujazia baluni. Ikalipuka, akapoteza jicho moja. Hata hivyo mwaka 1798 alifuatana na Napoleon mpaka Misri. Vyombo vilipopotea katika ghasia za Kairo, alitengeneza vingine, na kwa jicho lile lililobaki akawachora mafundi wa Kimisri kazini mwao. Alifariki Paris mwaka 1805.