Hayati Louis Zborowski na Magari Yake



Mhariri ameniomba niandike juu ya mtu mashuhuri wa zamani. Kwa kuwa mimi, baada ya kazi za ofisini, hupenda kufufua magari makuukuu, nimemchagua Louis Zborowski.

Alizaliwa mwaka 1895. Baba yake alifariki mwaka 1903 katika mashindano ya magari ya kupanda mlima huko La Turbie, Ufaransa. Mama naye alifariki mwaka 1911, akamwachia kijana wa miaka 16 utajiri mkubwa na jumba la Higham, karibu na Canterbury, Uingereza.

Wengine wangalitapanya mali hiyo kwa anasa. Yeye aliitumia kuunda magari. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza injini nyingi za ndege zilibaki bila kazi. Akisaidiwa na mhandisi Clive Gallop, alichukua chesisi ya Mercedes ya kabla ya vita, akaifunga injini ya ndege aina ya Maybach ya lita 23. Gari hilo, Chitty Bang Bang, lilishinda katika uwanja wa Brooklands mwaka 1921. Baadaye mwandishi Ian Fleming alichukua jina lake kwa kitabu cha watoto kilichotoka mwaka 1964.

Zborowski alifariki Oktoba 1924, alipogonga mti akishindana huko Monza, Italia. Alikuwa na miaka 29.

Gari lake jingine, lenye injini ya ndege ya lita 27, lilinunuliwa na J. G. Parry-Thomas, akaliita Babs. Mwaka 1926, katika ufuko wa Pendine, Wales, alivunja nalo rekodi ya dunia kwa mwendo wa kilomita 275 kwa saa. Machi 1927 alifia ndani yake, na gari likazikwa mchangani palepale.

Mwaka 1969 mwalimu wa uhandisi, Owen Wyn Owen, alilifukua. Chumvi ilikuwa imekula chuma. Kwa miaka mingi alitengeneza kipande kimoja kimoja mpaka injini ikanguruma tena.

Mwalimu huyo hakuwa na utajiri wa Zborowski. Alikuwa na elimu, mikono na subira. Vijana wetu, hayo matatu hata ninyi mnaweza kuyapata hapa shuleni. Gari bovu la mzee nyumbani msikimbilie kuliuza chuma chakavu. Kwanza fungueni boneti mtazame.